Masihi wa vitabu vya ufunuo wa Kiyahudi: uanze na kipi?

Anayesema kwa uhakika kwamba "Wayahudi walimngoja Masihi wa namna hii" kwa kawaida amesoma kitabu kimoja, na pengine hata hicho hajakimaliza. Kuanzia kama mwaka 165 K.K. hadi mwanzoni mwa karne ya 2 B.K., waandishi wa Kiyahudi walimchora mkombozi wa siku za mwisho kwa sura zinazopishana sana. Yupo mzao wa Daudi mwenye fimbo ya chuma. Yupo kuhani anayetangulia mezani, mfalme akafuata. Yupo aliyepewa jina kabla jua halijaumbwa, na yupo anayekaa na watu wake miaka 400 kisha anakufa kama binadamu mwingine. Vipo pia vitabu vya ufunuo visivyo na Masihi kabisa: sura 36 za mwanzo za kitabu cha Henoko, zile za malaika walioanguka zinazopendwa mno mitandaoni, hazina habari naye.

Sasa mtu mwenye muda mchache, awe mwanafunzi wa theolojia, kiongozi wa kikundi cha Biblia au mpenzi tu wa historia ya dini, aanze na kipi? Naviweka sita hapa kandokando. Msimamo wangu nautaja mapema ili usinisome kwa kubahatisha: soma Danieli 7 kwanza, maana ni sura moja tu, kisha uende moja kwa moja kwa Ezra wa Nne (si kile kitabu cha Ezra cha Biblia). Henoko asubiri, ingawa ndiye mwenye jina kubwa kuliko wote.

Danieli 7

Wanyama wanne wanatoka baharini: simba mwenye mabawa ya tai, dubu, chui mwenye vichwa vinne, na wa nne mwenye meno ya chuma na pembe kumi. Inachipuka pembe ndogo yenye macho ya mtu na kinywa cha majivuno. Wasomi wengi humwona hapo Antiochus IV Epiphanes, mfalme wa dola ya Kiyunani ya Waseleuki aliyelinajisi Hekalu la Yerusalemu mwaka 167 K.K. Kisha vinawekwa viti vya enzi, Mzee wa Siku anaketi, vitabu vinafunguliwa, mnyama anauawa. Hapo ndipo anapotokea "mmoja aliye mfano wa mwanadamu", akija na mawingu ya mbingu, na kupewa mamlaka na ufalme usiokoma.

Angalia mpangilio huo. Mnyama ameshauawa kabla huyu hajafika. Hapigani, hahukumu, hasemi hata neno moja. Na malaika anapomfafanulia Danieli njozi, anaeleza wanyama na pembe, anasema ufalme watapewa watakatifu wake Aliye Juu, lakini yule wa mawinguni anamruka. Wapo wanaosema ni picha ya taifa la Israeli. Wapo wanaosema ni malaika Mikaeli, mkuu wa Israeli katika sura ya 10 na ya 12, nami naelekea huko. Kumwita Masihi ni kazi ya wasomaji waliokuja baadaye, Wayahudi na Wakristo vilevile, kwa sababu sura yenyewe haimwiti hivyo.

Ukimya huo ndio unaoipa sura hii nafasi ya kwanza. Henoko na Ezra, tutakaowafikia, kila mmoja anajibu swali ambalo malaika wa Danieli aliliacha. Tena ni maandiko pekee kati ya haya sita yaliyomo katika Biblia ya Kiswahili iliyo nyumbani kwa wengi wetu.

Zaburi ya 17 ya Sulemani

Hii haimo katika Zaburi za Biblia, na kwa kipimo kikali huu si ufunuo: hakuna njozi wala malaika anayefasiri. Naiweka kwa sababu ndiyo inayotuonyesha Masihi wa kawaida, yule ambaye wengi wanadhani ndiye pekee aliyengojwa.

Mwaka 63 K.K. Pompey, jemadari wa Roma, aliiteka Yerusalemu na kuingia Patakatifu pa Patakatifu. Mwandishi wa zaburi hii ana hasira na pande mbili: na mgeni huyo, na pia na watawala wa Kihasmonea, ukoo wa Kiyahudi waliojitwalia kiti cha Daudi ambacho hawakuahidiwa. Anamwomba Mungu ainue mwana wa Daudi awavunje wenye dhambi kama vyombo vya mfinyanzi, aisafishe Yerusalemu, awagawie watu nchi kabila kwa kabila. Mgeni hataishi kati yao tena.

Hata hivyo mfalme huyu hategemei farasi wala upinde, wala halimbikizi dhahabu na fedha kwa ajili ya vita. Neno la kinywa chake linatosha. Kwa hiyo hata ile kauli ya kwamba Masihi wa Daudi ni jemadari wa jeshi haisimami vizuri hapa.

Wapo waliomtafuta jemadari kweli. Katika vita vya mwaka 132 hadi 135 B.K. dhidi ya Roma, Rabi Akiva alimtangaza Simon Bar Kokhba kuwa ndiye mfalme Masihi, akitumia ile nyota ya Yakobo ya Hesabu 24. Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inakumbuka jibu la Rabi Yohanan ben Torta: Akiva, majani yataota mashavuni mwako na mwana wa Daudi bado hajaja. Vita viliisha kwa maangamizi. Mtu anayevutwa na upande wa siasa ana zaburi hii, na ataimaliza kwa kikao kimoja.

Magombo ya Qumran

Kwa wanaopenda mambo ya ukuhani na utaratibu wa jumuiya, hapa pana utamu wa pekee. Kanuni ya Jumuiya, sheria za kundi la Kiyahudi, iliyopatikana katika pango la kwanza la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, inasema watu washike amri zao za kwanza mpaka aje nabii na "Masihi wa Haruni na wa Israeli", na neno hilo liko katika wingi. Ni wawili basi, kuhani na mfalme, na nabii anawatangulia.

Kwa nini wawili? Nadhani jibu liko katika siasa ya Yerusalemu. Wahasmonea walikuwa makuhani wakuu, kisha wakajivika na taji, wakazishika kazi zote mbili. Jumuiya iliyochukizwa na mchanganyiko huo ilikuwa na kila sababu ya kuzitenganisha tena hadi siku ya mwisho.

Maandishi madogo yaliyoambatana na gombo hilo, yanayoitwa Kanuni ya Kusanyiko, yanatupeleka hadi mezani. Mkate umeandaliwa na divai mpya imemiminwa. Hakuna anayeruhusiwa kunyosha mkono kabla ya kuhani. Kuhani anabariki na kugusa mkate kwanza. Baada yake Masihi wa Israeli ananyosha mkono. Kisha kusanyiko lote, kila mtu kwa cheo chake. Halafu inatolewa amri kwamba utaratibu huohuo ufuatwe kwenye kila mlo wenye watu kumi au zaidi. Masihi amefika, dunia imegeuka, na bado kuna itifaki ya nani anakula kwanza! Sijui maandishi mengine ya zama zile yanayomweka Masihi mahali pa kawaida namna hii.

Tatizo la Qumran ni kwamba si kitabu. Ni vipande. Kipande kimoja kina Melkizedeki anayehukumu kutoka mbinguni katika yubile ya kumi. Kingine kinasema mbingu na nchi zitamsikiliza Masihi wa Mungu, na mistari michache baadaye kinataja waliojeruhiwa wakiponywa, wafu wakihuishwa na maskini wakihubiriwa habari njema, kazi ambazo hapo zinaelekea kuwa za Mungu mwenyewe. Kingine kinamtaja mtu atakayeitwa "mwana wa Mungu", na hadi leo wasomi wanabishana kama ni mkombozi au ni mfalme mwovu anayejikweza. Anayetaka hadithi moja yenye mwanzo na mwisho atachoka upesi. Soma ule mlo, ukipendezwa uendelee.

Henoko au Ezra?

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe.

Mifano ya Henoko ni sura ya 37 hadi 71 za kitabu cha kwanza cha Henoko. Kitabu kizima kimetufikia kwa Kige'ez tu, lugha ya kale ya Ethiopia, kwa sababu Kanisa la Tewahedo la Ethiopia limekishika kama Maandiko siku zote. Yale madai ya kwamba "kilifichwa" yanachekesha kidogo: kilikuwa kinasomwa na majirani zetu wa kaskazini karne kwa karne. Ulaya ndiyo iliyokikosa mpaka James Bruce aliporudi na nakala kutoka Ethiopia mwaka 1773. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba sehemu nyingine za Henoko zimepatikana Qumran kwa Kiaramu, lakini Mifano haikuonekana hata kipande. Wengi huiweka karibu na mwisho wa karne ya 1 K.K. au ndani ya karne ya 1 B.K.

Ezra wa Nne ni sura ya 3 hadi 14 za kitabu ambacho Biblia za Kiingereza zenye Apokrifa (vitabu vya ziada) hukiita Esdras wa Pili. Kiliandikwa mwishoni mwa karne ya 1 B.K., miaka kama thelathini baada ya Warumi kuliteketeza Hekalu mwaka 70. Mwandishi anajifanya Ezra aliye Babeli, lakini Babeli yake ni Roma na kidonda chake bado kibichi.

Vyote viwili vinaanza pale Danieli alipoachia. Henoko anamwona Mzee mwenye kichwa cheupe kama sufu, na pamoja naye mwingine mwenye uso kama wa mwanadamu, uliojaa neema kama wa malaika. Anauliza jambo ambalo Danieli hakuliuliza: huyu ni nani? Naye anajibiwa: huyu ndiye Mwana wa Adamu mwenye haki, atakayewang'oa wafalme katika viti vyao na kuyavunja meno ya wenye dhambi. Jina lake lilitajwa mbele ya Bwana wa Roho, yaani Mungu, kabla jua na nyota hazijaumbwa. Anaitwa Mteule, anaitwa Mwenye Haki, na mara mbili anaitwa Masihi.

Ezra anaambiwa waziwazi kwamba anamrekebisha Danieli. Anaota tai mwenye mabawa kumi na mawili na vichwa vitatu akitoka baharini, na malaika anamwambia huu ndio ufalme wa nne aliouona ndugu yako Danieli, ila yeye hakufasiriwa kama ninavyokufasiria wewe sasa. Tai ni Roma, na vichwa vitatu kwa kawaida husomwa kuwa Vespasian, Titus na Domitian. Simba anatoka msituni akinguruma, anamsomea tai mashtaka yake, na mwili wa tai unateketea. Simba huyo ni Masihi wa uzao wa Daudi, aliyehifadhiwa na Aliye Juu mpaka mwisho wa siku.

Basi walinganishe kwa kazi zao. Mwana wa Adamu wa Henoko ni hakimu. Katika sura ya 62 wafalme, wakuu na wamiliki wa nchi wanamwona ameketi juu ya kiti cha utukufu, wanashikwa na uchungu kama mwanamke anayejifungua, wanaanguka kifudifudi kuomba rehema na hawaipati. Ezra hampi Masihi kiti hicho. Anaruhusu amshtaki tai na kumwangamiza, lakini hukumu ya mwisho ni ya Aliye Juu peke yake. Mapema katika kitabu Mungu anasema kwamba mwisho utakuja kwa mkono wake na si kwa mwingine.

Adui nao ni tofauti. Adui mkuu wa Henoko si dola fulani. Shabaha yake ni tabaka, wenye nguvu wanaoikalia ardhi na kuwakandamiza wenye haki. Ezra anaitaja Roma, ingawa kwa sura ya ndege.

Na mwisho wao? Katika Henoko wenye haki watakula, watalala na kuamka pamoja na Mwana wa Adamu milele. Katika Ezra 7 Masihi anafunuliwa, waliosalia wanafurahi naye miaka 400, kisha anakufa, na kila mwenye pumzi anakufa naye. Dunia inarudi kwenye ukimya wa mwanzo kwa siku saba. Baada ya hapo ndipo wafu wanapoamka. Sijaona mahali pengine katika maandiko haya ambapo Masihi anakufa bila kuuawa na mtu, bila kumfia mtu, kwa sababu tu enzi yake imekwisha. Msomaji Mkristo atasimama hapo, na ni vizuri asimame. Atambue vilevile kwamba nakala ya Kilatini ina "mwanangu Yesu" katika aya ya 28: ni mkono wa mnakili Mkristo, kwa maana Wakristo ndio waliokihifadhi kitabu hiki.

Halafu kuna sura ya 13, ambayo peke yake inanitosha kukipa Ezra ushindi. Upepo unaikoroga bahari, na kutoka vilindini anapanda mtu anayeruka na mawingu. Jeshi lisilohesabika linamjia kutoka pepo nne. Anajichongea mlima mkubwa na kusimama juu yake. Hainui mkono, hana mkuki wala silaha yoyote. Kinywani mwake unatoka mto wa moto, midomoni pumzi ya miali, ulimini tufani ya cheche, na punde hakuna kinachoonekana ila vumbi la majivu na harufu ya moshi. Kisha anashuka na kuita umati mwingine, wa amani: ni makabila kumi yaliyopelekwa uhamishoni. Angalia mwandishi alivyochukua mawingu ya Danieli, pumzi ya Isaya 11 na mlima wa Danieli 2, akavifunga pamoja.

Sababu yangu kuu lakini si njozi hizo. Katika Ezra, Masihi hajibu kila kitu. Nusu ya kwanza ya kitabu ni mabishano na malaika Urieli: kwa nini Babeli inastawi na Sayuni imebomolewa? Mbona wengi wanaumbwa na wachache wanaokolewa? Urieli anamwambia akapime uzito wa moto na kuirudisha siku iliyopita, naye Ezra haridhiki. Masihi anafika ndani ya mzozo huo, kama sehemu tu ya jibu. Henoko hana mzozo wa namna hiyo. Ni ibada tupu: anaona, anashangaa, anasifu, na ukisoma sura ishirini mfululizo utaona marudio yakikuzidi.

Baruku wa Pili

Kitabu hiki ni ndugu wa Ezra wa Nne, wa zama zilezile, na amehifadhiwa kikamilifu kwa Kisiria katika hati iliyoko Milano. Mengi wanagawana, ila Baruku ana sauti ya mzee wa ukoo anayewatuliza waliofiwa. Masihi anapoanza kufunuliwa, majitu ya Behemothi na Leviathani yanakuwa chakula cha waliosalia. Mzabibu mmoja una matawi 1000, kila tawi vichala 1000, kila kichala zabibu 1000, na kila zabibu inatoa kori moja ya divai, zaidi ya lita 200. (Irenaeus, askofu wa karne ya 2, ananukuu kutoka kwa Papias, mwandishi Mkristo wa kale, maneno yanayokaribiana sana na haya, yakitajwa kuwa ya Yesu.) Baadaye Masihi anarudi kwa utukufu na wafu wanafufuka. Hafi kama yule wa Ezra.

Katika sura ya 40 mtawala wa mwisho anafungwa na kuletwa mlima Sayuni, anasomewa maovu yake, anauawa. Katika sura ya 72 mataifa yanaachwa hai au yanauawa kulingana na walivyowatendea Israeli. Na sura ya 74 inasema wavunaji hawatachoka wala wajenzi hawatahangaika na kazi, ahadi ambayo mtu aliyewahi kulima kwa jembe la mkono hahitaji kufasiriwa.

Kwa hiyo nani achukue kipi

Anayesoma Injili na kusumbuliwa na Mwana wa Adamu anayeketi juu ya kiti cha utukufu wake, kama Mathayo 25, huyo ndiye wa kuanza na Henoko, bila kusikiliza ushauri wangu wa juu. Asome 46, 48, 62 na 71, asijilazimishe zote. Sura ya 71 awe nayo macho: humo Henoko mwenyewe anaambiwa kwamba yeye ndiye Mwana wa Adamu. Msomi R. H. Charles hakukubali, akaibadilisha aya ya 14 katika tafsiri yake ya Kiingereza, na ndiyo inayosambaa bure mtandaoni. Tafuta na tafsiri mpya zaidi uzilinganishe.

Kikundi kilichopitia msiba, vita au ukimbizi kitazungumza zaidi kikiwa na Baruku. Ezra anaweza kuwa mkali kwao. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asiende kwa Henoko, ambako foleni ni ndefu. Qumran ina nafasi, ikiwa tu ana Kiebrania cha kutosha.

Wengine wote, Ezra. Sura za 3 hadi 14 zinasomeka kwa siku mbili tatu. Ukibanwa, chukua 7 na 11 hadi 13. Ukitumia Apokrifa ya King James ya zamani, hesabu aya za sura ya 7. Ikiwa zinaishia 70, una nakala yenye pengo: karatasi moja ilikatwa zamani katika hati muhimu ya Kilatini, na aya 36 hadi 105 zikapotea katika nakala zilizotokana nayo, mpaka Robert Bensly alipozichapisha mwaka 1875 kutoka hati aliyoikuta Amiens. Sura kamili ina aya 140, na katika hizo zilizokosekana ndimo ilimo sehemu kubwa ya hukumu inayofuata kifo cha Masihi.